Majirani Waliotenganishwa na Ua

Wanafunzi wa darasa la nne walimwita Soma Tena, naye alijua, ila alijifanya hajui, kama afanyavyo mwalimu yeyote mwenye akili. Jina lilimkaa sawasawa. Mtoto akiumaliza ukurasa mbiombio, akaketi huku anahema kama aliyekimbizwa na mbwa, mwalimu alimtazama kwa upole uleule wa kila siku na kusema, "Soma tena." Darasa zima liliguna. Mtoto akasoma tena, na mara hii akagundua kwamba kumbe yule mama wa kwenye hadithi hakuwa na hasira, alikuwa na aibu. Hapo mwalimu alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa adimu na tamu kiasi kwamba watoto waliguna kwa desturi tu, si kwa kuchukia.

Kipindi chake cha kusoma kilikuwa cha mwisho, baada ya chakula cha mchana, wakati vichwa vya watoto vinapoanguka juu ya madawati kama maboga. Walimu wengine walikikimbia kipindi hicho. Yeye alikiomba. Darasa lenyewe lilikuwa na madirisha mapana yasiyofunga vizuri, ubao wenye ufa katikati, na kwenye kona ya nyuma kabati la chuma ambalo hapo awali lilikuwa la faili za ofisini. Humo alikuwa amevikusanya vitabu vyake, kimoja baada ya kingine, kwa miaka mingi. Vingine viliungwa kwa gundi ya viatu, vingine majalada yake yalishonwa kwa uzi wa gunia. Mlikuwa na hadithi ya msichana anayetembelea kiti cha magurudumu na kuwashinda wenzake wote kwa ujanja. Mlikuwa na ya mvulana anayeosha vyombo nyumbani kwao na kuchekwa mtaa mzima. Mlikuwa na ya familia iliyokimbia vita ikafika mji ambao hakuna awezaye kulitamka jina lao, na ya watu wanaosalimiana bila kupeana mikono, na si kwamba wana kiburi.

"Mtoto asiyesoma habari za jirani yake atazisikia kwa wambea," aliwaambia walimu wenzake walipomuuliza anahangaika ya nini. "Na wambea hawana ukurasa wa pili."

Maneno hayo hakuyaokota chuoni. Alizaliwa na dobi. Mama yake alifulia nyumba nyingi za mtaa, na yeye, wakati bado mdogo kuliko ndoo, kazi yake ilikuwa kupekua mifuko kabla nguo hazijaingia majini. Mifukoni ndimo alimojifunzia kusoma: vipande vya magazeti, tiketi za basi, maagizo ya daktari, karatasi za peremende. Lakini alijifunza na jambo jingine ambalo hakuna shule iliyomfundisha. Aligundua kwamba kila nyumba ina harufu yake, ina rangi inayoipenda, na ina madoa isiyotaka yaonekane. Nyumba hii walivaa nyeupe msibani, nyumba ile walivaa nyeupe harusini. Na zote zilianikwa kwenye kamba moja, mikono ya mashati ikagusana kwa upepo, wala hakuna shati lililolalamika.

Alipoupata ualimu aliingia darasani na kamba ile kichwani. Kuna watu wanaodhani kwamba mtoto ni gunia, kazi ya mwalimu ni kujaza na kushona mdomo. Yeye alidhani mtoto ni nyumba yenye watu tayari ndani, na kazi ya mwalimu ni kubisha hodi.

Alikuwa na sheria moja tu katika kipindi chake: kila kipindi ukurasa mmoja, na asiyekuwa mwalimu asigeuze. Ukurasa ulisomwa, ukasomwa tena, ukaulizwa maswali, ukakamuliwa kama nguo nzito ya kitambaa cha dangarizi, na ulipobaki mkavu kabisa ndipo kengele ilipogongwa. Kujua yaliyo mbele ilikuwa kazi ya kipindi kijacho. Siku za katikati watoto walibishana uwanjani, njiani, na hata chooni, kuhusu ukurasa ambao hawajauona.

Siku ya kisa hiki walianza kitabu kipya. Aliyepewa zamu ya kusoma ni Redio, binti wa fundi seremala wa mtaa wa nyuma. Aliitwa hivyo kwa sababu tangu aamke hazimwi. Akasimama, akakohoa kama mtangazaji, akasoma:

"Hapo kale palikuwa na majirani wawili. Walichota maji bomba moja, na watoto wao walicheza mpira mmoja. Lakini majirani hao hawakuwa wakisalimiana. Walitenganishwa na ua."

Ukurasa ukaishia hapo. Neno la mwisho lilikuwa limekaa peke yake chini kabisa, kama kuku aliyesahauliwa nje.

"Soma tena."

Redio akasoma tena. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Wakili, mvulana ambaye hata akiambiwa leo ni Jumatano alidai ushahidi.

"Mwalimu, mimi sielewi. Ua moja tu linawezaje kuwatenganisha watu wazima?"

Mwalimu alifungua mdomo. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi: ua huu si ua lile, huu ni wigo, wa mbao au wa miti, unaozunguka nyumba. Lakini kabla sauti haijatoka, sauti nyingine ilitangulia.

"Labda lilikuwa zuri sana, kila mmoja akalitaka."

"Si wangepanda la pili?"

"Mmoja alilipanda mpakani," alisema Redio, "mwenzake akalichuma."

"Kuchuma si kosa," alisema msichana wa dawati la mbele, ambaye siku zote nywele zake zilisukwa vizuri kuliko za mwalimu. "Kwetu ua likichanua linachumwa. Bibi anampambia nalo bibi harusi."

Mvulana mmoja mrefu, mtoto wa mchimba makaburi, alitikisa kichwa polepole. "Kwetu maua ni ya makaburini. Ukimpelekea mtu mzima ua mlangoni kwake, unamwambia nini? Kwamba umeshamzika."

Redio akapanda juu ya benchi bila kujua kwamba amepanda.

"Nimepata. Huyu alikuwa na binti anaolewa. Jirani akamletea ua kumpongeza. Yeye kwao ua ni la maiti. Akafikiri jirani anamtakia bintiye kifo."

"Na yule aliyeleta," alidakia msichana wa dawati la mbele, "akaona zawadi yake imetupwa barabarani. Naye akanuna."

"Na hakuna aliyeuliza," alisema Wakili.

Miaka yote mwalimu alikuwa akitafuta njia ya kuwaonyesha watoto hawa kwamba mtu anaweza kufanya jambo kwa moyo safi, na mwenzake akalipokea kama kofi, na wote wawili wakawa na haki ya kuumia. Alishajaribu kwa mifano, akajaribu kwa michoro ubaoni. Leo walikuwa wamelijenga jambo lenyewe kwa mikono yao, kutoka kwenye kosa. Ungekuwa wewe ungewakatiza? Basi wewe si mwalimu, wewe ni rula.

Alinyamaza. Akauliza swali moja tu, nani kati ya majirani wale alikuwa na kosa, kisha akaketi kwenye ukingo wa meza akawatazama wakipambana hadi kengele. Kabla hawajatoka aliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja awaulize watu wa kwao, ua lina maana gani. Redio, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, akapewa kitabu cha kuazima.

Kesho yake asubuhi Redio alimngoja kwenye mlango wa darasa, uso umemwiva.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna. Baba amegeuza ukurasa."

"Ukamwacha?"

"Nilimkataza. Nilimwambia mpaka Mwalimu aseme. Akasema hapa ni nyumbani kwake na kurasa zote ni zake. Akageuza, akasoma, akaanza kufoka. Mimi nikaziba masikio nikaimba mpaka akamaliza." Akashusha pumzi. "Sijasikia kitu, Mwalimu, naapa. Ila anakuja."

Alikuja kweli, kabla chai ya mapumziko haijapoa. Fundi alikuwa mtu mpana, penseli imemkaa sikioni kama sehemu ya mwili, na unga wa mbao kwenye nyusi. Alikuwa fundi mwenye jina. Nusu ya milango ya mtaa ilifunguka kwa hisani yake. Alipita moja kwa moja hadi ofisi ya Mwalimu Mkuu, na muda si muda mwalimu naye akaitwa.

"Nilimuuliza mwanangu amejifunza nini," fundi alikuwa akisema, kitabu mkononi. "Akanieleza habari ya ua, na bibi harusi, na maiti. Nikasema, mbona ni habari nzito kwa watoto? Nikafungua ukurasa wa pili. Mwalimu Mkuu, ni ua huu wa kawaida. Wigo. Mbao na misumari. Kazi yangu mimi. Darasa zima limekaa linanusa wigo wa mbao."

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwembamba wa miwani minene, mpenda ratiba kuliko chakula. Aliuma midomo ili asicheke.

"Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana," fundi aliendelea, "lakini huyu yupo hapa ili ajue maana."

"Mwalimu," alisema Mkuu, "hukujua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza kwa kuwa ukurasa wa pili utasema wenyewe. Mtu akijisahihisha mwenyewe hasahau."

"Sawa," alisema fundi. "Basi na daktari akuache unywe dawa ya kupaka, maana kesho tumbo litakwambia lenyewe."

Hapo Mkuu alishindwa, akacheka hadi akavua miwani. Lakini alipoivaa tena, uso wake ulikuwa umerudi kazini. Hesabu za darasa la nne zilikuwa zimeshuka, alisema, na mtihani hauko mbali. Amekuwa akikiangalia kipindi kile cha mwisho kwa muda, na akiambiwa na wazazi kwamba watoto wanafundishwa makosa, atawajibu nini?

"Tufanye hivi. Kipindi chako kijacho nitakuja kukaa darasani mwenyewe. Fundi naye akipenda, karibu. Nikiona watoto wanaelewa wanachokisoma, basi, yaishe. Nikiona ni soga, kipindi kinakwenda kwa mwalimu wa hesabu mpaka mwaka uishe, na kabati linarudi ofisini kwangu. Nina faili zinalala chini."

Mwalimu alitoka mle ofisini. Kipindi kile ndicho kilichokuwa chake. Vingine vyote, sarufi, imla, insha, mtu yeyote mwenye chaki angeweza kuvifundisha.

Katika chumba cha walimu, mwalimu wa hesabu alimsogezea kiti. Alikuwa kijana mchangamfu, na habari ilikuwa imemfikia kabla ya mwenyewe.

"Dada, usinichukie. Kipindi sijakiomba. Ila nikipewa, sikatai."

"Najua, mdogo wangu."

"Lakini kuna dawa. Waite asubuhi, kabla ya kengele. Waambie ua ni wigo, na huyu ajibu hivi, na yule ajibu vile. Mkuu akija anakuta wanaserereka kama maji. Nani atajua?"

Dawa ilikuwa rahisi, na ndiyo maana ilimsumbua njia nzima ya kurudi nyumbani. Alimkuta mama yake barazani, anachambua mchele kwenye ungo. Bibi yule alikuwa ameacha kufua kwa sababu ya viungo, lakini mikono yake bado ilikuwa na weupe wa sabuni ambao hautoki. Mwalimu akamsimulia yote, tangu ua hadi faili zinazolala chini. Mama alicheka sana aliposikia ya dawa ya kupaka.

"Huyo fundi ni mtu wangu. Halafu?"

"Halafu nafikiria kuwaambia watoto mapema. Wasije wakaaibika mbele ya wageni."

"Wao waaibike, au wewe?"

Mwalimu akainama, akaanza kuchambua mchele naye.

"Mwanangu," alisema mama, akitupa changarawe nje, "ulikuwa ukiniona nikifua. Kuna dobi wa kufua kola. Anasugua kola peke yake, maana ndiyo inayoonekana, shati lote analichovya tu. Mteja akilivaa, watu wanasema shati safi. Ila yeye mwenyewe ndani anajikuna." Akatikisa ungo. "Sikukulea kwa kola."

Siku ilipofika, wageni waliletewa viti, lakini viti vya wakubwa havikuwapo, wakakalia vya darasa la nne. Magoti ya fundi yalifika karibu na masikio. Kabla hata hajatulia alishakitikisa kiti chake, akachungulia viungo vyake chini, na kusonya taratibu. Mkuu aliweka saa yake mezani. Watoto walikuwa wameketi wima kupita kawaida, na mwalimu hakuwa amewaambia kitu.

Aligeuza ukurasa na kukitoa kitabu. "Wakili, soma."

Wakili akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Ua wenyewe ulikuwa wa mbao, mrefu kupita kimo cha mtu. Hakuna aliyekumbuka ulijengwa lini."

Nje mtu alisikika akifagia majani.

"Ua la mbao?" alinong'ona mtoto wa mchimba makaburi.

Wakili hakungoja kuambiwa. Alisoma tena mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Kisha akainua kichwa, uso umejaa huruma. "Mwalimu, kitabu kimekosea. Kimeandika 'ulikuwa' badala ya 'lilikuwa'. Na 'mrefu' badala ya 'refu'. Huyu mwandishi Kiswahili kinampiga chenga."

Darasa likakubaliana naye kwa kauli moja. Mtu mmoja akapendekeza mwandishi arudishwe darasa la pili. Fundi alikohoa kwa nguvu, kama aliyekabwa na kibanzi, na Mkuu akaitazama saa.

Mwalimu alikwenda ubaoni akaandika upande huu wa ufa, *ua lilikuwa refu*, na upande wa pili, *ua ulikuwa mrefu*. Akaweka chaki chini.

Walitazama. Midomo ilicheza bila sauti, ikionja. Ukutani, saa kubwa iliendelea na shughuli zake. Mwalimu akajizuia, akajizuia tena, hadi msichana wa dawati la mbele alipojishika nywele zake zilizosukwa.

"La kwanza linanukia," alisema. "Wa pili unachoma vibanzi."

"Wigo," alisema Wakili, na sauti ya mahakamani ikamtoka yote. "Ni wigo."

Kilichofuata hakikuwa aibu. Kilikuwa kicheko, kikaanzia dawati la nyuma, kikapanda mbele, watoto wakagongana mabega, wakaelekezana vidole, wewe ndiye uliyesema bibi harusi, na wewe ndiye uliyeleta maiti. Redio akamgeukia baba yake. "Baba, kumbe ndicho ulichokuwa unafokea." Naye baba, kwa mara ya kwanza tangu aingie, alionyesha meno.

Mkuu alinyosha mkono, darasa likatulia.

"Vizuri. Mmejua tofauti, nami nimefurahi. Lakini nina swali." Aliuliza taratibu, si kwa ubaya. "Ile hadithi yenu ya harusi na kaburi, mliyobishania siku zote hizi, kumbe kitabuni haimo. Je, haikuwa kazi bure?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na kila mkubwa mle ndani alijua. Mwalimu alikuwa na jibu lake, refu, zuri, la miaka mingi. Alilimeza. Hakikuwa chake kipindi kile, kilikuwa chao, na kama hakikuwa chao basi hata kikienda kwa hesabu hakuna kitakachopotea.

Watoto walitazamana. Mtoto wa mchimba makaburi alisimama, mrefu, akijikunja kidogo kama kawaida yake.

"Si bure, Mwalimu Mkuu. Kitabu kinasema hakuna anayekumbuka ua ulijengwa lini. Hakijasema kwa nini. Sisi ndio tunaojua kwa nini."

"Kwa nini?"

"Walijenga ua kwa sababu ya ua."

Ilichukua muda mfupi kuwafikia. Kisha darasa zima likatoa sauti moja ndefu, kama watu walioona tairi lililonasa likitoka kwenye tope. Mkuu alirudia sentensi ile chini kwa chini, akiionja, *walijenga ua kwa sababu ya ua*, mabega yakaanza kumtikisika, na miwani ikavuliwa.

Redio hakungoja amalize kucheka. "Baba, wewe ndiye unayejenga nyua. Watu wakija kwako kutaka ua kati yao na jirani, huwa wamegombania nini?"

"Wewe, hapa ni darasani."

"Ndiyo maana nauliza."

"Fundi," alisema mwalimu, "karibu. Na sisi hatujui."

Fundi alijaribu kusimama, kiti kikasimama naye. Alikibandua nyuma huku watoto wakiuma ndimi. "Mambo madogo madogo," alisema. "Moshi wa jiko. Kuku. Muziki." Akasita, akaitoa penseli sikioni, akaitazama. "Kuna mmoja alikuja kwa sababu ya kicheko. Alisema jirani yake anacheka mno, nyumba nzima inacheka kutwa, na yeye ametoka kumzika mkewe. Akataka ua mrefu. Nikajenga. Mpaka leo upo."

"Na yule jirani alijua mwenzake amefiwa?" aliuliza msichana wa dawati la mbele.

"Alikuwa amehamia juzijuzi tu. Sidhani."

"Hukumwambia?"

"Mimi nilikwenda kupima mbao, mwanangu." Fundi alijikuna nyusi, unga wa mbao ukadondoka. "Aliniletea maji ya kunywa, yule anayecheka. Alidhani nawajengea wote wawili."

Wakili alishanyosha mkono. "Je, huo ua ni mzuri pande zote?"

"Ua hauko hivyo. Ua una uso na una mgongo. Uso ni mbao zilizopigwa randa, laini, unaweza kuzilalia. Mgongo ndiko kwenye nguzo, na mataruma yanayokaza mbao, na ncha za misumari iliyotokeza."

"Uso unamtazama nani?"

"Aliyeniita."

"Kwa hiyo yule mwingine," alisema Wakili taratibu, akiunganisha ushahidi, "hakuomba ua, haambiwi kwa nini umejengwa, na kila akifungua dirisha anaona misumari."

Nyua zote alizowahi kujenga fundi zilionekana kupita machoni pake, moja baada ya nyingine, zikiwa zimegeuka.

Darasa likalipuka. Mtoto wa mchimba makaburi alisema uso umtazame jirani, maana asiyeomba kitu asipewe ubaya wake. Msichana wa dawati la mbele alipinga: aliyefiwa ndiye mwenye kuhitaji kutazama kitu kizuri. Mwingine akataka mbao zipigwe randa pande zote, fundi akamwambia hiyo ni kazi mara mbili, naye akamjibu kwamba ugomvi ni kazi mara kumi. Mwingine akauliza kwa nini ua usiwe na mlango, na hapo fundi akasogea mbele, akachukua chaki, akaanza kuwachorea mahali ambapo mlango ungeweza kukaa bila kulegeza nguzo. Ufa wa ubao ulimkera. Aliupapasa kwa kidole gumba huku anaongea.

Katikati ya kelele hizo Mkuu aliinuka, akarudisha saa yake mkononi, akamsogelea mwalimu pembeni, sikioni.

"Kipindi kinabaki."

"Na hesabu?"

"Watazisoma asubuhi, vichwa vikiwa bado shingoni. Nitamwambia mwenyewe kijana wetu." Akafikiri. "Kabati nalo likae. Nitatafuta pengine pa faili. Na mwalimu wa darasa la tano amekuwa akisimama hapo dirishani muda mrefu, sijui kama umemwona. Zungumza naye."

Akatoka, na kwenye mlango wakamsikia akicheka tena peke yake.

Mwalimu alibaki amesimama na habari ile kifuani. Alitaka kuwaambia. Alipiga makofi mara moja, kama afanyavyo siku zote akitaka wanyamaze, na hakuna aliyenyamaza. Redio alikuwa amesimama mbele, mkononi ana rula ya mwalimu, akitoa ruhusa za kusema: wewe, kisha wewe, usidakie, ngoja amalize. Ubao ulikuwa umejaa nyua zenye nyuso na migongo. Fundi alikuwa amepiga goti mbele ya ubao huo, akibishana na watoto watatu kwa wakati mmoja.

Basi mwalimu akavuta kiti kidogo, akaketi kati ya madawati, akanyosha mkono.

Redio alimwona. "Subiri zamu yako, Mwalimu. Kwanza Wakili, halafu baba."

"Mvumilie tu, Mwalimu," fundi alisema bila kugeuka. "Hata nyumbani ndivyo tunavyoishi."

Mwalimu akaendelea kunyosha mkono wake, akingoja aitwe.